Mwanafunzi wa Upande wa Pili wa Ukuta

Habari za kifo chake zilinikuta nikiwa kwenye foleni ya benki, na mtu wa kwanza niliyemfikiria, Mungu anisamehe, hakuwa yeye wala watoto wake. Nilijifikiria mimi. Nikasema moyoni: hata kwa hili ametangulia! Wasomaji wangu wa siku nyingi mnanijua, sina desturi ya kuwapaka marehemu asali. Daktari tuliyemuaga Alhamisi, kabla hajasafirishwa kwenda kuzikwa kwao Marangu, alikuwa bingwa wa magonjwa ya watoto, mcheshi, mkarimu, na mimi nimemwonea wivu kwa zaidi ya miaka arobaini. Sisemi wivu ule wa kupita, wa kuona kitenge cha mwenzio ukatamani. Huu wangu ulihamia kabisa, ukawa mmoja wa watu wa nyumbani.

Tulikuwa wapangaji wa nyumba moja Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, miaka ile ya Ujamaa, ambapo ukiona watu wamejipanga unajipanga kwanza, kinachouzwa utauliza baadaye. Nyumba ilikuwa ya Kiswahili hasa: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, jiko na choo uani. Kuta za vyumba zilikomea njiani, hazikufika kwenye paa, kwa hiyo wa chumba cha mbele akipiga chafya, wa nyuma anamwombea afya. Mimi mtu wa Songea, karani katika shirika moja la umma. Yeye, msichana kama mimi, mpiga taipu katika shirika jingine, mdogo wangu kidogo kwa umri, chumba chake kikipakana na changu. Wote tulikuwa tumemaliza kidato cha sita na kupita jeshini. Mimi nilitaka kitu kimoja tu duniani, kusomea udaktari, na kulikuwa na mtihani wa kuingilia kwa sisi tuliokwisha kuanza kazi. Mjomba wangu, mwalimu wa baiolojia huko Tabora, akanirekodia masomo kwenye kaseti kwa sauti yake mwenyewe, majogoo wakiwika nyuma yake, kisha akanikabidhi na redio kaseti. Msichana mwenye redio kaseti yake, Kariakoo ya wakati ule, hakuwa mtu wa kupuuzwa.

Na mimi sikutaka kupuuzwa. Kila jioni nikitoka kazini nilifungulia sauti juu kabisa, si kwa sababu sisikii, bali nyumba nzima ijue kwamba humu anaishi daktari mtarajiwa. Wanawake uani wakaanza kuniita "daktari wetu," na mgema akisifiwa mnajua anachofanya, nikazidisha sauti. Walichambua mchicha huku wakifundishwa kwamba moyo una vyumba vinne. Bibi mwenye nyumba akashangaa, "Vinne? Na kodi analipa nani?" Mjomba alikuwa na mazoea ya darasani: akimaliza kueleza jambo huuliza, "Umeelewa?" halafu hunyamaza kidogo ili ujibu. Jioni moja tukiwa kwenye somo la figo, mjomba akauliza, "Umeelewa?" Kabla sijafumbua mdomo, ukuta ukajibu, "Nimeelewa, mjomba!"

Mjomba? Mjomba wake tangu lini? Nilitoka mbio nikamkuta mlangoni kwake, kalamu mkononi, uso mkunjufu kama kawaida yake. Nikamuuliza, "Mwenzangu, kwani na wewe unasoma?" Akajibu bila haya wala hofu, "Eh, dada, nami nimeomba mtihani huo huo. Nilikuwa nangoja nikwambie, najua utafurahi." Nifurahi! Nilijiona kama mtu aliyepika pilau lake, akageuka kuchukua sahani, akakuta jirani ameshanawa mikono. Nafasi za chuo zilikuwa chache, wasichana waliochukuliwa ndio wachache zaidi, na mimi nilikuwa nimemfundisha mshindani wangu bure kwa majivuno yangu mwenyewe.

Nikaipunguza sauti. Nikawa nalala kifudifudi kitandani, sikio juu ya redio, kama mtu anayesikiliza umbeya. Siku ya pili yake akabisha hodi. "Dada, jana mwalimu hakusikika vizuri. Betri zimekwisha, nini?" Akanyoosha mkono: betri mpya, bado zina karatasi zake. Betri, jamani, mwaka ule! Zilikuwa zimeadimika kuliko sukari, na bibi mwenye nyumba alituruhusu taa tu, ukichomeka kitu kingine kwenye umeme wake ni ugomvi wa mtaa mzima. Kumbe alikuwa na kaka yake mwenye duka karibu na soko. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nilizipokea nikasema ahsante kwa meno. Na kwa kuwa betri zikawa zake, sauti ikawa yetu sote. Ujamaa huo huo tulioupigia makofi mikutanoni, ulipoingia chumbani kwangu ulinichoma.

Toka hapo mjomba alifundisha, mimi nikasikiliza ukuta. Kalamu yake ikikwaruza, najiuliza ameandika nini ambacho mimi sikukiandika. Akicheka, naona ameelewa. Akikaa kimya, nasema huyo kalala, roho inatulia, na somo linapita. Mtihani ulipofika ukaleta swali la figo, na mimi kuhusu figo sikuwa na kitu kichwani zaidi ya sauti ya yule binti akimwita mjomba wangu mjomba. Majina yalipotoka lake lilikuwamo, langu halikuwamo. Alinirukia shingoni akilia, "Dada, tumefaulu!" Tumefaulu nani na nani? Nikampongeza, nikaenda chooni kulia.

Nikaangukia kwenye magazeti, yeye akapanda. Wanangu walipokuwa wadogo nilimpeleka mmoja hospitali, homa kali, na daktari wa zamu akawa yeye. Alimtibu vizuri. Kisha akawageukia wanafunzi wake wenye makoti meupe akawaambia, "Msalimieni huyu dada, ndiye aliyenisomesha." Wakaniamkia kwa adabu, shikamoo kibao, nami nikaitikia marahaba moja moja. Hata kushukuru alijua kuliko mimi! Siku hizi nikipita Kariakoo, pale ghorofa zilipomeza nyumba zetu, naona vijana wana masomo ndani ya simu na waya masikioni, kila mtu na mwalimu wake, hakuna ukuta unaojibu. Nao nawaonea wivu. Laiti ningekuwa na waya ule, nimejiambia mara nyingi, leo ningekuwa daktari mimi.

Pale msibani nilikaa mkekani na binti yake mkubwa, naye daktari. Uzalendo ukanishinda, nikamuuliza mama yake alikuwa akisimuliaje mwaka ule tuliposhindana. Binti akanitazama kweli kweli. "Kushindana? Mama na nani?" Nikasema, na mimi. Akatikisa kichwa. "Hapana, mama mkubwa, hilo hakuwahi kulisema. Alisema mtihani ule aliuogopa sana, lakini akisikia upo chumbani kwako anapata nguvu. Alikuwa anasema mlisoma pamoja."

Nimekaa na neno hilo wiki nzima, na fundisho nililolipata nawapa kama lilivyo, limeniuma: mwenye wivu hukimbia mbio ambazo mwenzake hana habari nazo. Miaka yote hiyo uwanjani nilikuwa peke yangu, na bado nikawa wa pili.