Dirisha la Wageni
Jumanne nilipanga foleni kwenye zahanati moja huku Embu, ambako wamefungua dirisha jipya la kuhudumia wageni kutoka nchi za Afrika Mashariki. Mbele yangu alisimama mama Mrundi, muuza njugu, amebeba mtoto anayechemka kwa homa.

“Kitambulisho ya Kenya,” karani alisema bila kuinua macho.

“Sina, kaka. Mimi ni mgeni.”

“Basi hii dirisha haiwezi kukusaidia.”

Nyanya mmoja nyuma yetu akasukuma kitambulisho chake dirishani. “Wewe kijana, andika huyu ni mjukuu wangu. Haya, mpatie dawa!”

Karani akaandika, na mtoto akatibiwa. Nilichungulia daftari: orodha ya wageni waliohudumiwa bado ni tupu. Sasa wakubwa wa zahanati wanauliza kama kweli tuna wageni.