Kichwa cha Kuazima

Harufu ya vanishi hunirudisha kwetu Kihesa, Iringa. Seremala akipaka kiti kipya barazani, wenzangu husikia unadhifu. Mimi huona sanduku la mbao lililojazwa majani makavu, moshi wa kuni za miti ya miwati, na baridi ile ya Juni inayouma masikio. Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa darasa la kumi na mbili, kijana wa Kihehe mwenye kaptura moja ya shule na maneno mengi, na nilikwisha kutangaza kila mahali kwamba nitakwenda kwenye chuo kile cha Uganda ambako mtu aliingia kusoma sayansi na, akifaulu, akapitiliza moja kwa moja kwenye udaktari. Walinicheka. Mwenye duka la nguo pale mjini, mzee ambaye babu zake walitoka Bagamoyo, aliniambia, "Bwana mdogo, udaktari una wenyewe. Wewe anza na kufunga kamba za viatu." Baba mdogo, aliyekuwa nyapara katika mashamba ya chai ya Mufindi, alisema mbele ya wageni, "Huyu, kuku akichinjwa, anageuza uso. Atakuwa daktari wa nini, wa mahindi?" Leo diploma yangu imetundikwa sebuleni, na waliosema hayo wengi wao niliwatibu kabla ya kuwazika.

Shule yetu ya bweni ilikuwa upande wa Mbeya. Mwalimu wa baiolojia, Mzungu mrefu mwenye kikohozi kisichokwisha, alijua kwamba wasaili wa chuo kile walipenda kumwekea kijana mfupa mezani na kumwambia, "Haya, sema." Shule ilikuwa na fuvu la mtu, limenunuliwa ng'ambo, limepakwa vanishi likang'aa kama mguu wa meza. Kwa kuwa nilikuwa wa kwanza darasani, na sioni sababu ya kulificha hilo, aliniazima fuvu lile likizo nzima nijifunze. Masharti yake yalikuwa mafupi: nilirudishe zima, ama sivyo hatanipendekeza kwa wasaili, na asiyependekezwa hakuitwa. Nililipakata garini mpaka Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa, nikapanda nalo kwa miguu hadi nyumbani, na njia nzima nilihisi kitu kikigonga polepole ndani ya sanduku, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu.

Sasa, msomaji, ukumbuke ulikuwa msimu gani. Mwezi ule ule watu wa Iringa nzima walikuwa wakingoja fuvu la Mtwa wetu, yule mtawala aliyepigana na Wajerumani wakakichukua kichwa chake kwao. Gavana alikuwa amelipata ng'ambo, analileta Kalenga, palipokuwa ngome yake. Wazee walinyoa ndevu. Wanawake walikuwa wakipika pombe. Hakuna aliyezungumza jambo lingine, na hata watoto walipocheza walicheza kupokea kichwa. Katika siku hizo mimi nikaingia uani kwa bibi yangu na sanduku.

Bibi alinifumania alfajiri, nimelikalisha fuvu juu ya kinu, nataja mifupa yake kwa sauti: paji, kisogo, utosi. Hakupiga kelele. Aliketi chini taratibu, akafunga kanga vizuri, akauliza, "Ni nani huyu?"

"Si mtu, Bibi. Ni la shule."

"Shule haina kichwa. Nimeuliza, ni nani?"

Nikamwambia sijui, labda Mhindi, alitoka mbali, jina lake halipo. Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. "Naye basi amepotezwa na wenyewe," alisema, "kama Mtwa." Tangu hapo sikuwa na raha nyumbani kwetu. Kila jioni aliliwekea ugali kidogo pembeni ya moto. Alilisimulia habari za mvua. Nilipofunga kitabu nililikuta limegeuzwa kuelekea ukutani lipumzike, na nilipotazama mashimo yale ya macho sikuona tena mifupa ya kutaja. Niliona mtu anayengoja nimalize. Baba mdogo, aliyekuja kutoka Mufindi kwa ajili ya sherehe, alijaribu mzaha: "Mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyu atalima kwa meno?" Bibi akamjibu bila kumtazama, "Huyu anafundisha. Wewe unafanya nini hapa?"

Uvumi hauna miguu lakini hupanda mlima. Jirani aliyekuja kuomba moto aliliona. Kabla ya jua kuwa kali ilikwisha kusemwa kwamba Serikali imeogopa umati, imempitisha Mtwa kwa siri katika sanduku la mwanafunzi, na yule wa Gavana ni wa kuwapumbaza watu. Nilipotoka nje asubuhi iliyofuata kuliweka fuvu juu ya kinu, uwanja ulikuwa umejaa. Wazee walikuwa wamevua kofia. Wengine walikuwa na mikuki ya baba zao. Walipiga magoti kwenye umande, wakasema pamoja, kwa sauti ya chini, "Kamwene," salamu yetu, na hawakuwa wakinisalimu mimi. Mpaka leo sijasikia kitu kizito kama salamu ile.

Ilinibidi niseme ukweli. Nilisema kwamba si yeye, kwamba ni wa ng'ambo, asiyejulikana. Mzee mmoja asiye na jicho moja, ambaye alikuwa mtoto wakati wa vita vya Mtwa, alilisogelea, akaligusa kwa ncha ya kidole, akanusa vanishi. "Wamempaka rangi," alisema. Halafu akanigeukia. "Na wewe unajuaje kwamba si yeye?" Mimi, wa kwanza darasani, nikaanza kutaja tena majina ya mifupa. Baba mdogo ndiye aliyepata la kusema. Alitaka fuvu lizikwe saa ile ile, aibu ifunikwe, na watu wakaanza kuitikia. Mmoja alikwisha kuchukua jembe. Nikaona Uganda inafukiwa mbele ya macho yangu.

Nilimshika yule mzee miguu. Nilimweleza kila kitu, usaili, masharti ya mwalimu, namna nitakavyorudi kutibu watu wa hapa. Alisikiliza, kisha akasema, "Unaniomba mimi kitu kisicho changu. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, mjukuu wangu, na wewe umevaa kichwa cha mtu bila kumwambia. Mwombe mwenyewe." Kwa hiyo mbele ya watu wote, mimi niliyesoma kwa wamisionari, niliyejua Kilatini cha mifupa, nilipiga magoti mbele ya kinu nikaliomba fuvu ruhusa, kwa Kihehe. Likanyamaza. Umati ukanyamaza nalo. Kuku hawakulia. Nilisubiri mpaka magoti yakafa ganzi, na jasho likanitoka katika baridi ile, kwa sababu nilianza kuogopa kwamba litajibu.

"Mwali akinyamaza amekubali," mzee akasema mwishowe. Mtu mmoja akacheka, kisha wote, na wakatawanyika kwenda kujiandaa kwa Kalenga.

Nililirudisha fuvu zima, mwalimu akanipendekeza, nikasailiwa Mbeya, katika chumba kilichokuwa na moto wa kuni na Wazungu watatu. Fuvu jingine lilikuwa mezani. Kabla ya kuligusa midomo yangu ilisema "Kamwene" bila kunitaka ushauri. Mmoja akauliza nimesema nini. Nikamwambia, "Ninamsalimu." Hawakucheka. Nikafumba macho, nikataja kila mfupa kwa vidole, kila mshono, kila tundu, na nilipoyafumbua mkubwa wao alikuwa ameacha kuvuta kiko. Nilichaguliwa. Kutoka wilaya yetu mwaka ule nilikuwa peke yangu, na aliye na ushahidi mwingine aulete.

Lakini kule Uganda, kwenye ukumbi wa maiti, sikuweza kushika kisu kabla ya kuomba ruhusa. Wenzangu waliniita padri. Niliwashinda wote katika mitihani na bado nililala na taa, kwa sababu nikifumba macho nilisikia Bibi akiuliza, "Ni nani huyu?", na sikuwa na jina la kumpa. Niliporudi na diploma yangu, Bibi akiwa amekwisha kufa, nilikwenda kwanza shuleni. Mwalimu mpya alinifungulia kabati. Yalikuwamo mafuvu matatu, mawili yamenunuliwa baadaye, yote ya vanishi, yamepangwa pamoja. Mimi niliyelijua langu kwa kila mstari niliyashika moja moja, nikayageuza kwenye mwanga, nikarudia tena. Sikulitambua.

Niliinunulia shule mifano mipya ya plasta kwa mshahara wangu wa kwanza, nikayabeba mafuvu yote matatu hadi Kihesa, nikayazika kando ya Bibi. Siku hizi wajukuu zangu husoma mifupa kwenye kioo cha kompyuta, huizungusha kwa kidole, na hulala usingizi mzuri. Ni madaktari wazuri, ingawa si kama mimi. Nimewauliza kama wanawasalimu wenye mifupa hiyo. Wanacheka. Nami nashukuru kwamba wanacheka, kisha natoka nje kwenda kwenye yale makaburi yasiyo na majina, nasema "Kamwene", na kusubiri.