Chungu cha Mama Hakitoki

Kuna watu wakisikia wimbo umerekodiwa Sumbawanga hucheka kwanza, ndipo wausikilize. Wengine huuliza kama tulirekodia kwenye ungo wa wachawi. Utani huo nimeuchoka, kwa hiyo nasema mapema: wimbo wetu ulirekodiwa mtaa wa Majengo, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka langu la vifaa vya simu, katikati ya magunia ya mama yangu ya mahindi na ulezi. Asiyetaka kuamini, shauri yake.

Walioingia chumbani humo waliyaona magunia wakanionea huruma. Mimi sikuhitaji huruma ya mtu. Chumba kitupu chenye kuta za saruji kinakurudishia kila neno unalolisema, lakini chumba kilichojaa magunia mpaka usawa wa dirisha kinatulia. Juu ya magunia tulitundika mablanketi, yale mazito ambayo kila nyumba ya huku inayo kwa sababu ya baridi. Upepo ulipoanza kugonga bati tuliweka vyombo chini na kuusubiri upite. Vifaa vyetu vilikuwa maiki moja ya Kichina, kisanduku cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, na kompyuta ya mtumba ambayo ukiichomoa kwenye umeme inazima hapo hapo. Stendi ya maiki ilikuwa mpini wa fagio tulioukita kwenye ndoo ya mchanga.

Bendi ilikuwa ya watu wanne. Mimi nilipiga gitaa la besi na kurekodi, binamu yangu alipiga solo, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, aliyelelewa kwenye kwaya ya parokia, ndiye aliyeimba. Wa nne alikuwa mpiga kinanda, kijana ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Mbeya, na kwa kompyuta alinizidi mbali. Mpiga ngoma hatukuwa naye. Tulikuwa na mama.

Mama anapiga chungu. Kijijini kwetu, kwenye harusi, wanawake husugua kigoda juu ya chungu mpaka chungu kinaguruma, na mngurumo huo unausikia miguuni kabla ya kuusikia masikioni. Wimbo wetu ulikuwa wa harusi, wa Kiswahili wenye kiitikio cha Kifipa, na bila chungu haukuwa na maana yoyote kwangu. Mama alipanda gari la asubuhi akiwa amekipakata chungu chake kama mjukuu. Akavua viatu, akaniuliza atazame wapi, nikamwambia popote. Akafumba macho, akapiga wimbo wote tangu mwanzo hadi mwisho bila kukosea.

Mwalimu alimpelekea rekodi ya kwanza mtangazaji wa redio aliyefahamiana naye. Mtangazaji hakuwa mtu mbaya. Aliusifu wimbo, akasifu sauti, ila akasema chini kuna mngurumo unaosikika kama jenereta la jirani. Tuusafishe, naye ataupiga kwenye kipindi chake. Redio ilikuwa haijawahi kupiga wimbo wetu hata siku moja, kwa hiyo wenzangu walifurahi mno, na mpiga kinanda akaichukua kompyuta akaenda nayo kwake.

Kwenye kompyuta kuna kitu cha kuondolea kelele. Unakionyesha kipande kidogo cha kelele usiyoitaka, kisha kinapita wimbo mzima kikifuta kila kinachofanana nayo. Kijana akakionyesha mwanzo wa wimbo, pale chungu kinapoanza peke yake. Aliporudi alisema sasa ni safi, na kweli ulikuwa safi, kama sahani ambayo hakuna aliyeipakulia chakula. Nikaona aibu kumpinga papo hapo mbele ya wenzetu.

Wiki hiyo hiyo mama alikuja kuchukua ulezi wake. Aliomba kuusikia wimbo, nikamwekea kwenye simu yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameinamisha kichwa, halafu akaniuliza taratibu:

"Kwani siku hiyo mimi sikuwepo?"

Nilikasirika. Niliikasirikia redio, nikamkasirikia mpiga kinanda, nikaikasirikia hata kompyuta, ingawa yenyewe haikuwa na kosa, ilifanya ilivyoelekezwa. Mama yangu alikuwa ameonyeshwa kwa mashine kama uchafu, nami ndiye mwenye maiki.

Nikawaita wote, nikawaambia naurudisha wimbo wa mwanzo. Mwalimu akasema nafasi ya redio haitarudi mara mbili. Binamu yangu akatazama viatu vyake. Mpiga kinanda akachukua simu yake, akaupiga wimbo wa mwanzo, wenye chungu, akaniwekea sikioni.

"Dada, sikiliza mwenyewe. Kwenye simu hakisikiki. Na watu wetu wanasikilizia simu."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Spika ndogo ya simu haiwezi kuubeba mngurumo wa chini namna ile. Kwa hiyo redioni mama alikuwa jenereta, na kwenye simu hakuwepo kabisa. Mtu mwenye akili angekubali yaishe. Mimi niliwaambia chungu cha mama hakitoki, na kikitoka, kitoke na besi yangu, wakatafute mtu mwingine wa kurekodi.

Walipoondoka nilikaa na hedifoni nikisikiliza chungu peke yake, ndipo nikaona nilipokosea. Maiki nilikuwa nimeiweka karibu na sakafu, mngurumo unakotokea, nikauacha mkwaruzo wa mti juu ya udongo. Mkwaruzo ule simu inauweza. Nikamwita mama tena, nikaisogeza maiki mpaka pale kigoda kinapokiuma chungu. Mama akaniuliza kama safari hii ataonekana. Nikamwambia ataonekana.

Kazi ya kuchanganya sauti ilinigharimu besi yangu. Gitaa langu na chungu vilikuwa vinagombea nafasi moja huko chini, na mmoja lazima ampishe mwenzake. Nikalinyamazisha gitaa kila mara chungu kinapoguruma. Nikaujaribu wimbo kwenye simu yangu, kwenye redio ya jirani, hata kwenye spika ya bodaboda aliyekuwa akisubiri abiria nje ya duka. Mpiga kinanda alipokuja nilimpa simu. Akaiweka sikioni, kisha akasema, "Huyu hapa." Akakaa kwenye kompyuta, akampandisha mama kidogo zaidi, kwa mkono wake mwenyewe.

Tukautuma. Mtangazaji alinipigia akaniambia ule mngurumo bado upo, tena umeongezeka, nimtumie wimbo uliosafishwa. Nikamjibu kwamba huo ndio uliosafishwa. Hajaupiga mpaka leo, na mwalimu alikaa muda mrefu akinisalimia kwa mkato.

Basi nikaufanya wimbo kuwa kazi ya duka. Kila aliyenunua memori kadi nilimwekea bure, akitaka asitake. Wafanyabiashara wa samaki wakaenda nao Kipili na Wampembe, kule Ziwa Tanganyika, na wengine wakaurusha kwenye simu za wenzao. Siku moja akaingia mwanamke muuza dagaa kutoka Wampembe, akanunua chaja, akaniomba nimwekee ule wimbo wa chungu. Jina lake halisi hakulijua, wala sikumsahihisha. Nilipokuwa namwekea aliuliza aliyepiga chungu ni nani, maana ameusikia kwa watu na angependa kumjua.

Mama alikuwa ndani, amekaa juu ya magunia yake, anachambua ulezi. Alijibu kabla sijafungua mdomo, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwepo."