Boksi la Dorotea na Mvua ya Kome

Saa moja asubuhi, Pasiansi. Ziwa limetulia tuli, na dagaa walioanikwa mchangani wanametameta mpaka mpita njia anasahau alikuwa anakwenda wapi. Dorotea Pius, fundi cherehani wa miaka hamsini na minne, anashona mlangoni kwake huku macho yakimtoroka kwenda majini.

Chini ya ukuta wake wameketi wanawake sita na simu zao. Ni waanika dagaa. Bando hawana, wanatumia intaneti ya Dorotea.

Alifungiwa boksi la intaneti na binti yake, Gladness, anayefanya kazi Dodoma, ili waonane kwenye simu kila Jumapili. Siku sita zilizobaki boksi liliwaka bure.

"Nilikuwa naliangalia linavyonikonyeza, hata halina kazi," anasema akicheka. "Nikawaambia wenzangu, njooni."

Kinachosubiriwa ni ujumbe wa Otuoma, mvuvi wa kisiwa cha Kome. Mvua ikifika kwake, anamwandikia dada yake Selina, mmoja wa hawa sita, na wanawake wanapata kama saa moja ya kuanua. Dagaa wakilowa huoza na kuishia kuwa chakula cha kuku.

Radi peke yake haiwasaidii. Msimu wa mvua hunguruma kutwa nzima bila tone kudondoka.

Machi mwaka jana ilinguruma, na Dorotea akafanya alichofundishwa na mama yake: akachomoa kila kitu ukutani. Pasi, redio, televisheni. Na boksi. Ujumbe wa Otuoma haukufika, mvua ikafika. Selina alipoteza ndoo nane, kazi ya wiki nzima.

"Asubuhi yake akaja kuniambia, 'Pole, dada, usijisumbue moyo.' Pole napewa mimi!" Dorotea anaacha kushona. "Niliumia jamani. Nililia."

"Hata mimi ningechomoa," Selina anajibu kutoka ukutani. "Radi ni radi."

Gladness alipoelezwa, alituma betri ndogo ya kuliwasha boksi bila umeme wa ukutani.

Leo radi inanguruma tena upande wa magharibi. Dorotea anainuka bila haraka, anachomoa vyote, analifunga boksi na betri yake kwenye khanga, kisha anatoka kuketi katikati ya wenzake akiwa amelipakata.

"Linawaka?" anauliza Selina.

"Linawaka."

Wanatazama maji. Simu ya Selina inalia, naye anasoma kwa sauti: "Imefika. Dagaa wangu wamelowa wote. Anueni."

Wanawake wanakimbilia mchangani. Dorotea anabaki ameduwaa na boksi lake.

"Wake wamelowa," anasema taratibu. "Miaka yote anatuambia sisi. Yeye anaambiwa na nani?"

Papo hapo anamwandikia Gladness amtafutie Otuoma mtu wa kumtahadharisha huko Muleba, ng'ambo ya ziwa, ambako mawingu huanzia, mwenye intaneti nyumbani na mlango ulio wazi.

"Hawezi kukosekana," anasema, akilikumbatia boksi. "Kuna boksi kule linakonyeza tu, halijui kama Otuoma analisubiri."