Pole ya Mchangani

Kila Ijumaa tulitoka Riyadh kwenda kwenye vilima vya mchanga: madam, mwanawe wa miaka minne, na mimi yaya wake. Mtoto akianguka nilimwambia, "Pole."

Siku moja nilisahau chupa ya chai nyumbani. Madam alinifokea mbele ya wageni aliowaalika huko mchangani, nikainamisha kichwa. Mtoto akanishika kidole.

"Pole," akaniambia.

"Umemfundisha nini?" madam akauliza. Sikujua kulieleza neno hilo kwa Kiarabu. "Kuanzia leo ni Kiarabu tu. Halas, basi!"

Ijumaa iliyofuata mtoto aliporomoka kilimani, mchanga ukamjaa mdomoni. Hakulia. Alinitazama, akisubiri. Madam alikuwa karibu. Nilimpangusa mtoto midomo, nikanyamaza.

Akausukuma mkono wangu, ndipo akalia.