Mashine Iliyonguruma kwa Mdomo

Mashine ya randa ya politekniki yetu, upande wa Kanyakine, haikuwahi kuonja stima. Ilikaa katikati ya karakana kama ng'ombe aliyelala, na asubuhi ukungu ulipoingia kwa madirisha yasiyo na vioo, ungedhani inapumua. Mwalimu wetu wa useremala ndiye aliyekuwa mota. Alisimama kando yake, akafumba macho, akanguruma kwa mdomo: vuuuu. Sisi tukapitisha ubao wa mti wa mukima juu ya meza ile ya chuma, polepole, kisha tukafagia maranda kwa kiganja. Maranda yenyewe tulikuwa tumeyaranda kwa mkono, tukayamwaga pale ili kazi ifanane na kazi. Vumbi lilielea kwenye mwanga. Nilipenda sana. Amani kama ile sijaiona tena.

Wiki ya kutupeleka atachimenti, kujifunza kazi kwenye karakana za watu, alitutayarisha hivi: nguo ipigwe pasi, salimia kila mtu, ukitumwa usiulize maswali. Basi. Nilipelekwa Embu, karakana moja karibu na mtaa wa Majimbo, na siku ya tatu nikafagia maranda kwa kiganja. Mashine ilikuwa inaendelea. Uchungu sikusikia. Nilisikia tu sauti ile ya mwalimu, vuuuu, tamu, iko mbali, nikashangaa mbona hafungi mdomo. Vidole vitatu.

Mimi sikusoma sana lakini wenye makosa nawajua. Majina yao namwachia Mungu. Wa kwanza ni mwalimu huyo. Wa pili ni mwenye karakana, aliyetoa kifuniko cha kisu cha mashine ati kinachelewesha kazi, halafu akamwambia mama yangu nilikuwa nimetafuna muguka, yale majani ya kulevya. Sijatafuna muguka mpaka leo. Wa tatu ni fundi mkuu, aliyenitazama nikinyoosha mkono na akaendelea kunywa chai. Watu huniambia nisamehe. Ni rahisi kusema ukiwa unashika kikombe kwa mkono mzima.

Mwaka huu mtoto wa marehemu dada yangu, msichana niliyemlea, alimaliza masomo ya useremala pale pale. Mwalimu ni yule yule, kichwa kimekuwa cheupe. Mashine ni ile ile, imepakwa rangi ya kijani. Ijumaa moja msichana akaja nyumbani na daftari, akanisomea maandalizi yake: pasi, salamu, utiifu. Angeanza Embu Jumatatu, siku kumi mbele.

Nikaleta maranda ya banda la kuku, nikayamwaga juu ya meza. Nikamwambia ayaondoe kama alivyofunzwa. Akayafagia kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayempapasa paka.

Siku hizo zote sikulima. Nilikuwa mota. Popote alipokuwa, kwenye migomba, akichuma kahawa, akichota maji, ningetokea nikinguruma, na sinyamazi mpaka arudishe mikono nyuma na aseme "zima". Jirani alipita akauliza kama nimenunua trakta. Msichana alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi, nikinguruma, niliuona ule ukungu, na mkono wangu mzima ukipita kwenye mwanga.

Jumatano ya wiki ya kwanza alirudi mchana na begi lake. Fundi wa karakana ya Embu alikuwa amemwambia aondoe maranda mashine ikiendelea. Msichana akasema izimwe kwanza. Fundi akacheka, akamwambia hapa si jikoni kwa mama yako. Akasema tena, kwa sauti, mbele ya wateja. Akafukuzwa, ati aende akafunzwe heshima. Na bila barua ya atachimenti hakuna cheti. Miaka miwili ya masomo imeenda hivyo. Mwalimu akapiga simu, akataka nimpeleke akaombe msamaha. Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuandika hapa, kanisani wananijua.

Msichana alikuwa ameketi akisikiliza. Hakulia.

"Anko," akaniambia, "ile vita yako wewe pigana. Hii ni yangu. Nitaomba msamaha kwa kumpigia kelele mbele ya watu. Kwa kutaka izimwe siombi."

Kesho yake nikamfuata, yeye mbele, hataki tuonekane pamoja. Akaingia karakana. Nikasimama ng'ambo ya barabara kando ya mama anayeuza ndizi. Walizungumza muda, kisha mashine ikaanza, vuuuu, na jua la Embu likanilegeza hata sikujua ni mwaka gani, wala ni nani yuko mle ndani, yeye au mimi.

Halafu ikanyamaza. Nikangoja mtu apige ukemi. Hakuna. Mlangoni niliona mgongo wake, ameinama juu ya meza na brashi, hana haraka. Fundi alikuwa kando, mkono kwenye swichi, amenuna. Kisha ikaanza tena.

Nilikaa pale mpaka saa kumi. Iliponyamaza mara ya nne, mama wa ndizi akaniuliza kama stima imepotea tena. Nikamwambia hapana, kuna mtu anafanya kazi.