Tumbaku Ndani ya Ziwa

Mimi, Aukot, ni dereva, na dereva wa Turkana humjua mtu kwa namna anavyokaa garini. Wengine hulala mdomo wazi kutoka Lodwar mpaka Kakuma. Abigael halali. Nikiingia shimoni hunitazama kana kwamba hilo shimo nimelichimba mimi.

Siku hizi amepanga chumba Kanamkemer, lakini kwao ni kando ya ziwa, mbele ya Kalokol. Amelelewa na nyanya yake, Akuwam, mwanamke mwenye shanga mpaka kidevuni na tumbaku shavuni tangu asubuhi. Wajomba walitaka msichana achunge mbuzi. Nyanya akasema mbuzi wana miguu yao, huyu aende shule. Akaenda, akasoma mpaka chuo, na sasa anasoma maji.

Usicheke, ndiyo kazi yenyewe. Huchota maji pale watu wanapochota ya kunywa, akayasukuma kwa bomba la sindano yapite kwenye kichujio chembamba. Vijidudu hukwama hapo, na kichujio husafiri kwenye barafu kisiharibike. Kakuma, ndani ya kontena lililogeuzwa maabara, huvitoa vinasaba vyake, yaani hiyo DNA, na mashine ndogo ya kuenea kiganjani huvisoma. Kila kilicho hai kina maandishi yake ndani, aliniambia, hata kama jicho halikioni. Nilimuuliza kama na madereva tunayo. Akasema yangu yakisomwa yatakuwa malalamiko matupu.

Mkubwa wake ni Zéphyrin, Mkongo aliyefika kambini Kakuma kama mkimbizi miaka mingi iliyopita. Mtu mpole, haongei mpaka amalize kufikiri, na kufikiri kwake kunachukua muda.

Mwaka huu watoto wa kule kwa kina Abigael waliharisha sana, basi tukaenda kuchota. Siku ya majibu, afisa mmoja wa maji alikuja Kakuma kuyasikia. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, ndani ya kontena, maana ndani kuna feni na nje kuna jua la Kakuma. Majibu yalikuwa mabaya. Maji ya kwao yalijaa bakteria wa kinywa cha binadamu.

"Hapo pamechafuliwa na watu," afisa akasema. "Tunafunga. Kina mama watachota kwa kile kisima cha juu."

Kisima hicho nakijua. Mama akitoka alfajiri, anarudi jua likiwa utosini, na mtungi umeshapungua njiani. Nilimwona Abigael akikunja vidole.

Zéphyrin alikuwa bado anaangalia kompyuta. "Kuna kitu sielewi," akasema. "Mu haya maji kuna tumbako. Si kidogo. Nani analima tumbako mu ziwa?"

Tukacheka wote, hata afisa. Abigael hakucheka. Alitoka nje na simu, nami nikamfuata, kwa sababu uso wake ulikuwa umebadilika na niliogopa ataanguka.

Alimpigia mjomba wake, akaomba apewe nyanya. Nyanya huongea na simu kama anaita mbuzi, kwa hiyo nilisikia yote bila kuiba.

"Nyanya, siku ile nilipoenda garini kuchukua kichujio, uliigusa chupa yangu?"

"Niiguse kwa nini?" nyanya akajibu. "Niliibariki."

Aliyasema kwa majivuno kabisa. Kwetu mzee hubariki kwa mate. Hukunyunyizia kidogo utosini au kifuani, na kama ana tumbaku mdomoni, unapata na tumbaku. Hupangusi. Unashukuru. Mtu akisafiri hubarikiwa, ng'ombe akizaa hubarikiwa. Chupa haikuwahi kubarikiwa, lakini pia hatukuwahi kuwa na mjukuu wa kusoma maji.

Abigael alikaa kwenye ngazi ya kontena. "Aukot, nikisema, mimi ni mtu hawezi kulinda chupa moja. Nikinyamaza, nyanya yangu atabeba mtungi mpaka afe."

Nilimwonea huruma mpaka nikasahau jua.

Alisimama, akaingia, akasema yote. Nilifurahi, halafu nikaogopa kwa niaba yake, kwa sababu afisa alifura. "Kazi ya serikali haiwezi kwenda kwa mate ya mtu!"

Zéphyrin akafikiri. Tukangoja. "Na kwetu mama alikuwa anatutemea hivyo," akasema mwishowe. "Abigael, utarudilia. Lakini chupa ya pili ikiharibika, pale panafungwa, na mi sitaweza kukutetea."

Nikuondolee wasiwasi kabla sijafika mwisho: chupa ya pili haikuharibika. Ilikuwa na vijidudu vya ziwa na vya mbuzi. Watu wakaambiwa wachemshe, na pale hapakufungwa. Zéphyrin alifurahia ile orodha ya bakteria kama mtu aliyepata ndama. Mimi nilibaki na kitu kingine.

Tulipofika ufukweni kuchota hiyo ya pili, nyanya alikuwa ameketi juu ya beseni lililopinduliwa, anangoja, shavu limejaa. Ejok, tukasalimiana. Abigael alikuwa amejiandaa njia nzima. Utamwambiaje mzee asikubariki? Huko ni kujitafutia laana kwa mikono yako. Aliiacha chupa garini, akaenda mbele ya nyanya yake.

"Nyanya, leo usiibariki chupa. Nakuomba. Mate yakiingia, mashine inakusoma wewe badala ya ziwa."

Nyanya alitafuna kidogo. Hakukasirika. Nadhani ingekuwa rahisi zaidi kama angekasirika.

"Basi nibariki nini?" akauliza. "Wewe ukija, unashuka mbio, unaingia majini mbio, unapanda gari. Tangu uende shule hujaniinamishia kichwa. Nilikuwa nakutafuta siku ile, mwanangu. Chupa ndiyo ilikaa."

Abigael alipiga magoti pale pale kwenye mchanga wenye magamba ya samaki, na sare yake safi, akainamisha kichwa. Nyanya akamtemea utosini, kwenye paji, kwenye viganja vyote viwili, akiomba polepole kwa sauti ya chini, tumbaku ikimchirizika binti mpaka shingoni. Abigael alikuwa analia waziwazi. Ilichukua muda mrefu, kwa sababu nyanya alikuwa na baraka za miaka mingi.

Barafu ilikuwa inayeyuka garini. Sikumwita.